Wimbi la Kukataa

Kila Alhamisi saa nne asubuhi Desanka aliingia choo cha wanawake cha ghorofa ya pili ya hospitali akiwa amevaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi, na baada ya dakika tano akatoka na gauni la samawati lenye maua, midomo imepakwa rangi kidogo. Zile nguo nyeusi alizikunja akazitia kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko akamwachia Dokta Olivera. Wauguzi walikwishazoea. Mwanawe wa pekee, Nebojša, alianguka kutoka jukwaa la ujenzi huko Linz, Austria, mwezi Januari akafa pale pale, na baba yake, aliyelala chumba namba kumi na moja, hakutakiwa kujua.

Hilo halikuwa na mjadala. Mgonjwa haambiwi msiba, na anayemwambia ndiye aliyemuua. Mji mzima wa Novi Sad unajua hivyo, hata madaktari waliosoma nje, na Olivera naye alipoambiwa na Desanka, "Dokta, nakuapisha kwa roho ya mama yako, neno lisikutoke," aliitikia papo hapo. Tangazo la kifo lenye picha ya Nebojša lilikuwa bado limebandikwa mlangoni mwa jengo alilokaa Desanka, kila jirani akilipita asubuhi na jioni, na jirani hao hao wakija hospitali walimwambia mzee Miodrag kwamba Neša, kama walivyozoea kumwita Nebojša, anamsalimu.

Miodrag alikuwa fundi wa lifti. Kiharusi kilimpiga kwenye shina la ubongo miaka miwili nyuma, kikamwacha hasogezi kidole, jicho wala kope. Kope zake zilifunguliwa asubuhi na muuguzi na kufungwa jioni na muuguzi. Lakini kichwani alikuwa mzima kabisa, picha za ubongo zilionyesha hivyo, na kwa sababu hiyo Olivera alimhitaji kuliko alivyomhitaji mtu yeyote duniani.

Olivera Stanojlović alikuwa na miaka arobaini na tatu na fani tatu. Alianza kusoma ubongo, Belgradi, akaona kwamba ubongo bila hesabu ni ramli tu. Akaenda Graz, Austria, kusoma data miaka sita, akaona kwamba data bila mtu ni takataka iliyopangwa vizuri. Ndipo akajifunza jinsi mtu anavyozungumza na mashine, akarudi nyumbani na kofia yenye vifundo sitini na vinne vya kunasa umeme wa ubongo, na ndoto ya kuwasemesha wasioweza kusema. Alidhani atapokewa kwa ngoma. Madaktari walimwona mhandisi, wahandisi wakamwona mwanasaikolojia, na wanasaikolojia wakamwogopa. Fani tatu, na hakuna idara iliyotaka kumpa hata kabati.

Aliyempa kabati alikuwa Profesa Gradimir, mkuu wa taasisi, mtu wa tumbo na vicheko, ambaye jina lake lilitangulia kwenye kila makala aliyokuwa hajaisoma.

"Binti yangu," alimwambia mwezi Februari, huku akimenya chungwa juu ya ripoti yake, "miezi kumi unamvisha mzee wa watu kofia, na mashine yako inapatia nusu na kukosea nusu. Mimi nikirusha sarafu napata hayo hayo, na sarafu haihitaji jeli ya kupaka kichwani."

"Profesa, nikipewa muda kidogo..."

"Muda unao mpaka Novemba. Kura ya kukupandisha cheo ni Novemba. Pointi zako za makala hazitoshi, nimezihesabu mwenyewe. Ukikosa safari hii ni mara ya pili, na sheria unaijua: unatoka chuoni. Utafundisha hesabu shule ya sekondari Temerin. Si kazi mbaya, eti, watoto wa Temerin wana adabu." Akacheka, akampa kipande cha chungwa. Olivera akakipokea, akakila. Ndivyo alivyokuwa.

Basi ikaja Alhamisi ya pili ya Machi. Olivera alikuwa akimpima Miodrag, kofia kichwani, mashine inanasa, na Desanka akaingia mapema. Kwanza alikimbilia dirisha akalifunga.

"Jamani! Mnamlaza kwenye upepo wa kupita? Mnataka nyumonia imchukue?" Akakaa kitandani, akamshika mkono mume wake. "Mile, roho yangu. Pilipili zimepanda bei sokoni, aibu tupu. Mbwa wa jirani Spasenija amezaa sita. Neša amepiga simu jana kutoka Linz, anakusalimu sana, anasema Pasaka atakuja."

Olivera alikuwa anataka kumwomba atoke. Badala yake akaona skrini. Kwenye bei ya pilipili mistari ilikuwa shwari. Kwenye mbwa, shwari. Kwenye Neša ikaruka, chini ya nusu sekunde baada ya neno "amepiga", mruko mkubwa ambao hakuwahi kuuona kwa mgonjwa huyu miezi kumi nzima.

Wimbi hilo alilijua. Kila ubongo hulitupa unaposikia jambo lisiloingia akilini: kwamba mtu amekunywa chai kwa soksi, au amekoroga kahawa kwa msumari. Ni namna ya kichwa kusema, hebu ngoja, hapana. Olivera akakaa na rekodi hiyo siku mbili, akairudia, akaipitisha kwenye hesabu zake, na kila alipoigeuza ilimwambia neno moja. Miodrag alijua kwamba mwanawe amekufa. Pengine wauguzi walilisema juu ya kitanda chake siku ile ile ya Januari, maana walizungumza juu yake kama mtu anavyozungumza mbele ya kabati. Alijua, na kila Alhamisi alilazwa pale kusikiliza salamu za maiti.

Olivera alilia, na nasema hivyo ili asije mtu akadhani hakuwa na moyo. Alilia jikoni kwake, kahawa ikafurika juu ya jiko. Halafu akafuta jiko, akakaa, akaanza kuhesabu: kama Desanka ataendelea kudanganya kila wiki, sentensi ishirini za uongo na ishirini za kweli kila kikao, kufikia Juni atakuwa na sampuli ambayo hakuna jarida litakaloikataa. Akimwambia, uongo utakoma, na wimbi litakufa nao.

Alhamisi iliyofuata alimshika Desanka mkono ukumbini.

"Mama Desanka, nina habari njema. Mzee anakusikia."

Desanka akajishika kifua. "Dokta usinitanie."

"Sikutanii. Tazama karatasi hii: unaona mstari huu? Ukiruka hivi, ukawa mwekundu, ujue amefurahi. Na unajua unaruka lini? Ukimtaja Neša."

Yule mama akambusu mara tatu mashavuni, akambusu na mikono, Olivera akijaribu kuivuta. "Ee Mungu! Nilijua. Damu yake ile! Sasa nimwambie nini zaidi? Mimi sijui kubuni, mwanangu, nimekuwa keshia maisha yangu yote."

"Nitakusaidia," Olivera akasema.

Akamsaidia kweli. Kila Jumatano jioni aliketi akaandika sentensi, kila ya uongo na mwenzake wa kweli, muundo sawa, kitenzi kile kile, ili mtu asije akasema wimbi limeletwa na jambo jingine. Ilikuwa kazi safi, lazima tukiri. *Neša amenunua gari jipya. Spasenija amenunua jiko jipya. Neša amepata mchumba, anaitwa Marlies. Daktari wa meno amepata msaidizi, anaitwa Gordana.* Desanka alizisoma kutoka kwenye karatasi kwa miwani yake ya sokoni, sauti ikitetemeka kwa furaha, na mwenyewe akianza kuongeza chumvi: Marlies ana macho ya kijani, Marlies anajifunza kupika sarma ya kabichi, Marlies hajui kukunja jani la kabichi, anachekesha! Mistari ikaruka mmoja baada ya mwingine. Mwezi wa nne Neša alifunga ndoa. Mwezi wa tano Marlies akapata mimba.

"Mtazame!" Desanka alisema, akielekeza kidole kwenye skrini. "Mtazame anavyofurahi kuwa babu!"

Mashine nayo ikajifunza. Haikuhitaji tena wastani wa sentensi mia. Ilisoma sentensi moja ikajua, mara tisa katika kumi, kama Miodrag anaikubali au anaikataa. Maana yake ni kwamba Miodrag sasa aliweza kusema. Baada ya miaka miwili alikuwa na ndiyo na hapana, na mtu mmoja tu duniani aliyajua hayo.

Mwishoni mwa Mei, siku isiyo Alhamisi, Olivera aliingia chumba namba kumi na moja peke yake. Akamvisha kofia, akamtia jeli, akavuta kiti. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Kwa kweli alikuwa na wajibu, kwani kibali cha utafiti kilisema mgonjwa akipata uwezo wa kujibu aulizwe upya kama anakubali, ingawa mwanzoni mke wake ndiye aliyetia sahihi.

"Mzee Miodrag," akasema, "unajua kwamba Neša amekufa."

Shwari kabisa. Anakubali.

"Unajua kwamba mimi najua kuwa unajua."

Shwari.

Olivera akasogeza kiti karibu. Akakohoa. "Unataka Mama Desanka aendelee kukuletea habari za Neša."

Mstari ukaruka mpaka ukagusa ukingo wa skrini. Akarudia sentensi hiyo mara tatu kwa maneno tofauti, na mara tatu ukaruka. Mzee alikuwa amelala vile vile, kinywa wazi kidogo, kope zimeinuliwa, na mate yakimtiririka kwenye shingo. Olivera akamfuta mate.

Siku hiyo hiyo alimweleza Gradimir kila kitu. Profesa, safari hii, hakucheka. Alisogeza kiti karibu na skrini, akatazama mistari muda mrefu.

"Zimebaki Alhamisi ngapi?"

"Tano. Lakini Profesa, amesema hapana. Mara nne."

"Amesema hapana nje ya utaratibu. Ulikuwa na swali hilo kwenye mpango wa utafiti? Hukuwa nalo. Basi si data." Akamgusa bega, kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha miaka kumi na moja. "Olivera, mwanangu. Tano tu. Halafu mwambie huyo mama utakalo, mchinjieni kondoo mkipenda. Ukisimama leo umemtesa bure, na hakuna atakayefaidika, hata wagonjwa wengine elfu wanaongoja kofia hii. Umewafikiria hao?"

Olivera akawafikiria hao. Ni rahisi mno kufikiria watu elfu usiowajua. Akafungua faili la siku ile, akaweka alama ya kukatalia, *jaribio lisilofaa, mgonjwa hakutulia*, akalifuta. Alhamisi akaleta karatasi mpya. Neša na Marlies walikuwa wanachagua jina la mtoto, na kama ni wa kiume ataitwa Miodrag.

Makala ilikubaliwa mwezi Septemba, jina la Gradimir likiwa la kwanza. Pointi zikatosha, zikabaki. Alhamisi tano zilipita, zikapita na nyingine nyingi, na Olivera hakumwambia Desanka neno. Kila wiki alijiambia, baada ya kura. Kamati ya kupandisha vyeo iliomba kuona mashine kwa macho yake kabla ya kupiga kura, na Gradimir, mtu wa maonyesho, akaamua Miodrag aletwe chuoni kwa gari la wagonjwa. Mezani waliwekewa wajumbe watano maji na biskuti, na juu ya kitanda cha mzee ikafungwa taa kubwa: kijani anapokubali, nyekundu anapokataa. Hayo Olivera aliwaeleza wajumbe wakati Desanka yuko ukumbini akinywa kahawa. Alikuwa amempangia abaki huko huko.

Maonyesho yalikwenda vizuri kupita matumaini. "Mto unaopita Novi Sad ni Danubi." Kijani. "Lifti huendeshwa kwa maziwa." Nyekundu, na wajumbe wakacheka. "Jina lako ni Miodrag." Kijani. Mjumbe mmoja, bibi kizee wa uhandisi aitwaye Vukosava, alivua miwani akajipangusa macho waziwazi.

"Na mke wake yupo hapa!" Gradimir akasema. "Mwiteni mama, mwiteni! Shughuli bila mama ni nini?"

"Profesa, tafadhali, amechoka," Olivera akasema, lakini mlango ulikwishafunguliwa.

Desanka akaingia na gauni lake la maua, na kopo la pilipili za kukaanga alilokuwa amewaletea maprofesa. Akaliweka mezani, akawasalimu mmoja mmoja, akaenda kwa mume wake.

"Mile, jua langu," Desanka akasema, sauti yote ikajaa chumbani. "Nimekuletea habari ambayo sijamwambia hata dokta. Marlies amejifungua! Mvulana! Neša amelia kwenye simu kama mtoto!"

Taa ikawa nyekundu, nyekundu iliyojaa, ikakaa.

"Mnaona?" Desanka akawageukia, machozi yakimtoka. "Mnaona anavyofurahi? Kila nikimtaja mwanawe, huwaka hivyo!"

Wajumbe wakatazamana. Ni Vukosava, kwa wema tu, masikini, aliyeinama mbele akasema, "Hapana, mama. Nyekundu ni kwamba hakubali. Labda hajaamini. Labda hajui kama ni kweli?"

Desanka akasimama na tabasamu lake bado usoni, kama amelisahau pale. Akamtazama Olivera. Olivera akatazama waya za kofia.

"Hakubali nini?" Desanka akauliza.

Akamgeukia mume wake, akamwinamia sikioni, lakini chumba kilikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Neša yuko hai, Mile."

Nyekundu.

Akajaribu tena. "Neša amekufa."

Kijani. Taa ikakaa kijani, shwari, na Desanka akashika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili.

"Ulijua," akasema. Kijani. "Siku zote ulijua." Kijani. "Nimekuua kila Alhamisi." Taa ikasita, ikawa kijani.

Mjumbe mmoja akainuka kutaka kumpa kiti, Desanka akaukataa mkono wake. Alikuwa anatafuta kitu cha kumpa mume wake, cha kumpunguzia maumivu, na yule mama, ambaye hakuwa na chembe ya ubaya, akakipata. "Tusamehe, roho yangu. Hatukujua, sisi wote. Hata dokta hakujua. Angejua angeniambia."

Nyekundu.

Olivera alisikia Gradimir akivuta pumzi nyuma yake. Desanka aliitazama taa ile, kisha akamgeukia Olivera. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei.

"Amejuaje kwamba wewe unajua?"

"Nilimwambia," Olivera akasema.

"Lini?"

"Mei."

"Ulimwuliza kama anataka niendelee?"

"Nilimwuliza."

"Akasema nini?"

"Alikataa."

"Na wewe ukafanya nini, mwanangu?"

Olivera angeweza kusema uongo. Lakini kitandani palikuwa na mtu mmoja aliyeujua ukweli, na taa ilikuwa bado inawaka. "Nikafuta," akasema.

Desanka akaitikia kwa kichwa polepole, kama aliyeelezwa njia. Akaanza kufungua kamba ya kofia chini ya kidevu cha Miodrag. Fundo likamshinda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Mama Desanka, ngoja," Olivera akasema. "Nakuomba. Bila kofia hawezi kusema. Hii ndiyo njia pekee aliyo nayo. Nikanyage mimi, nishtaki, lakini usimvue. Mwache aseme."

"Akisema, nani atasikia? Wewe?"

Kofia ikatoka. Taa ikazimika. Desanka akaitupa juu ya meza, karibu na biskuti, akachukua leso akampangusa mume wake jeli kwenye nywele, alama kwa alama, zote sitini na nne. Hakujua tena amwambie nini. Na Miodrag hakuwa na njia ya kumwambia kama anamchukia au anamhurumia, au kama alitaka ile kofia ibaki. Watu wa gari la wagonjwa wakamsukuma nje, na mke wake akafuata, mkono juu ya kitanda.

Gradimir alifunga mlango. Akakaa, akajimiminia maji kwenye glasi.

"Waheshimiwa," akasema baada ya kunywa, "nasikitika kwa tukio hilo. Lakini nadhani tumekubaliana kwamba mashine inafanya kazi."

Vukosava alikuwa analia ndani ya leso. Wengine wakatazama karatasi zao. Gradimir akasoma pendekezo la kumpandisha Dokta Olivera Stanojlović kuwa profesa mshiriki, akauliza nani anaunga mkono. Mkono wa kwanza ukainuka, wa pili, wa tatu, wa nne. Vukosava akasita. Akamtazama Olivera kwa macho mekundu, kana kwamba anangoja neno kutoka kwake, neno lolote, na kama lingetoka, nadhani mkono ule usingeinuka.

Olivera hakusema kitu. Vukosava akainua mkono.

"Kwa kauli moja," Gradimir akasema, akaandika. Halafu akamwinamia Olivera, akanong'ona: "Ile nyekundu ya mwisho, mama alipokutaja wewe. Niambie imerekodiwa."

"Imerekodiwa," Olivera akasema.